Ramani ya kisiki hai, Chamwino na Kongwa: shajara ya mradi

Shajara hii ni kwa yeyote anayetaka kutengeneza ramani ya mtandaoni ya eneo linalorejeshwa uoto, hasa kwenye nyanda kavu kama zetu za Ugogo, mkoani Dodoma. Hatua zilizokwenda vizuri nimezitaja kwa kifupi. Zilizotukwamisha nimezieleza kwa urefu, maana ndizo zitakazomkwamisha na mwingine.

Mei 2024: tunataka ramani ya nini

Kisiki hai wengi tunakijua. Mti uliokatwa zamani haujafa. Mizizi iko chini inangoja. Mkulima anachagua kisiki chenye machipukizi, anabakiza machache yaliyonyooka, anapogoa mengine, anafunga kitambaa ili mlimaji na mchungaji waone, kisha analinda. Ndiyo njia iliyorudisha miti kwenye mashamba ya Niger tangu Tony Rinaudo alipoanza kuihimiza huko Maradi mwanzoni mwa miaka ya 1980; hesabu zinazotajwa ni zaidi ya hekta milioni 5. Haihitaji kitalu wala kumwagilia, na kwa mkoa ambao mvua inanyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, hilo ni jambo kubwa.

Kinachotusumbua ni hesabu. Taarifa nyingi husema visiki vingapi vimepogolewa. Kama vilipita kiangazi cha kwanza, cha pili, hakuna anayesema. Kisiki kilichopogolewa Machi na kuliwa na mbuzi Agosti bado kinahesabiwa kuwa mti. Kwa hiyo ramani yetu ina maswali matatu: kisiki kiko wapi, kilianza lini, na leo bado kipo? Swali la tatu ndilo lililotufanya tuanze. Ramani isiyoweza kulijibu ni tangazo tu.

Tumeanza na vijiji vichache upande wa mashariki wa Chamwino na upande wa magharibi wa Kongwa. Majina ya vijiji siyaandiki hapa. Sababu itaonekana kwenye ingizo la Oktoba.

Mwishoni mwa Mei 2024: fomu ya simu

Tumetumia KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu, kwenye simu za Android. Fomu inajazwa bila mtandao na kutumwa ukirudi penye mnara. Tulianza kwa kupiga nukta kila kisiki, tukaacha haraka. Shamba moja linaweza kuwa na visiki kadhaa kwa kila ekari, na GPS ya simu hukosea mita 5 hata zaidi, kwa hiyo visiki viwili jirani vinaweza kubadilishana nafasi kwenye ramani. Ukirudi mwaka unaofuata hujui kipi ni kipi.

Tulichobaki nacho: mpaka wa shamba unachorwa kwa kuuzunguka kwa miguu, halafu ndani yake vinachaguliwa visiki vichache vya kufuatilia. Kila kimoja kinapewa namba inayoandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye kipande cha bati na kufungwa kwa waya uliolegea. Fomu inauliza aina ya mti (mgunga, mkwaju, mpingo, mkole na kadhalika), machipukizi yaliyobaki, urefu wa refu kuliko yote, dalili za kuliwa au kukatwa, na picha moja inayopigwa kutoka upande wa kaskazini kila mara. Kigezo hicho cha kaskazini kinaonekana kidogo, lakini bila hicho picha za miaka miwili hazilinganishiki.

Gharama ya hatua hii: benki mbili za umeme za kuchajia simu kwa shilingi 90,000, rangi, bati na waya shilingi 35,000. Simu ni zetu wenyewe. Wasaidizi wa kijijini, ambao wanazijua njia na wenye mashamba, wanapata posho ya shilingi 10,000 kwa siku. Usijaribu kuikwepa posho hiyo. Kijana anayekuongoza kutwa nzima ameacha kazi yake.

Juni 2024: mashamba yaliyoingia baharini

Mbali na fomu, tulipewa daftari la zamani lenye orodha ya mashamba yaliyoanza kisiki hai kabla yetu, kila moja na tarakimu za GPS ya mkononi. Ni hazina, maana lina tarehe za mwanzo. Tulipoziingiza kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, karibu nusu ya mashamba yakaenda Bahari ya Hindi, mbali kabisa mashariki ya Zanzibar.

Sababu ni mstari wa longitudo 36. Mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi, umeigawa dunia katika kanda za nyuzi 6, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 unapita hapo hapo, mashariki kidogo ya Jiji la Dodoma. Chamwino iko pande zote mbili. Kongwa yote iko kanda ya 37. Daftari halikuandika kanda, nasi tulilisoma lote kama la 37, kwa hiyo mashamba ya kanda ya 36 yalisogea zaidi ya kilomita 650 kuelekea mashariki.

Dawa ni rahisi ukishaijua. Kwa eneo letu, tarakimu ya mashariki (ile inayopima kwenda mashariki ndani ya kanda, kwa mita) inayozidi 800,000 ni ya kanda ya 36 kusini. Iliyo chini ya 250,000 ni ya kanda ya 37 kusini. Tukatenganisha, kila fungu likapewa kanda yake, yote yakarudi nchi kavu.

Lakini hayakurudi mahali pake. Yalikaa kama mita 300 kaskazini ya mashamba yenyewe, na hili lilikuwa baya kuliko bahari, kwa sababu halionekani. Shamba likiwa baharini kila mtu anashtuka. Likiwa mita 300 pembeni linaangukia shamba la jirani na hakuna anayegutuka. Tuligundua kwa sababu daftari lilitaja pia kisima cha shule, nacho kwenye picha ya setilaiti kinaonekana wazi. Kumbe kifaa kilikuwa kimewekwa Arc 1960, mfumo wa vipimo wa ramani za zamani za Tanzania na Kenya, si WGS 84 unaotumiwa na simu. Kwa anayetaka kunakili: namba za EPSG, yaani namba ambazo programu za ramani hutumia kutambua mfumo wa vipimo, za Arc 1960 ni 21036 na 21037, za WGS 84 ni 32736 na 32737. Kabla ya kuamini daftari lolote la zamani, tafuta ndani yake kitu kisichohama, kama kisima, kona ya jengo au daraja, ukilinganishe na picha.

Kuna moja zaidi, fupi. Faili la GeoJSON, aina ya faili la kuhifadhi nukta na mipaka ya ramani, huandika longitudo kwanza, ndipo latitudo. Leaflet, maktaba tunayotumia kuonyesha ramani kwenye kivinjari, husoma latitudo kwanza ukiiandikia nukta mwenyewe. Ukichanganya, Chamwino inakwenda Atlantiki, karibu na mlango wa Gibraltar. Ukiona nukta zako huko, geuza mpangilio.

Agosti 2024: ukurasa usiofunguka

Ramani ya kwanza tuliitoa QGIS kwa kutumia qgis2web, kiendelezi kinachoigeuza ramani kuwa ukurasa wa mtandao. Kwenye kompyuta mjini ilipendeza. Kwenye simu ya mtendaji wa kijiji, kwa mtandao wa 3G, iligoma.

Mzigo ulikuwa sehemu tatu. Picha zilikuwa za megabaiti 3 hadi 4 kila moja; tumezipunguza hadi upana wa pikseli 800, na sasa nyingi ziko chini ya kilobaiti 150, na hazipakuliwi mpaka mtu aguse nukta. Mipaka ya mashamba ilikuwa na desimali 15 kwa kila tarakimu. Desimali 6 tu tayari ni sentimita 11 ardhini, na simu yetu inakosea kwa mita, tumebakiza 5. Sehemu ya tatu ni picha ya setilaiti inayotandazwa chini ya mipaka. Tumeweka ramani ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kuwa ya kwanza kuonekana, na ya setilaiti inakuja kwa kubonyeza.

Tulitaka pia ramani ifunguke bila mtandao kabisa. Seva za OpenStreetMap haziruhusu kupakua vigae vyake, yaani vipande vidogo vya picha vinavyounda ramani, kwa wingi, na ni haki, kwani zinaendeshwa kwa michango. Tumetengeneza vigae vyetu wenyewe ndani ya QGIS kwa eneo dogo la vijiji vyetu tu.

Tumeiandika upya kwa Leaflet kwa mkono, tukaiweka kwenye GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti. Gharama ya kuihifadhi ni sifuri. Gharama ya bando wakati wa kujaribu na kurudia ilikuwa kama shilingi 60,000.

Oktoba 2024: mkutano mkuu wa kijiji

Ingizo hili naliomba lisomwe na kila anayefanya kazi hii, hata kama mengine atayaruka.

Tulichapisha ramani kwa ukubwa wa A1 mjini Dodoma, shilingi 20,000 kwa karatasi, tukaipeleka kwenye mkutano mkuu. Kila shamba lilikuwa na mpaka wake na jina la mwenyewe. Tulidhani watu wangefurahi kujiona. Walikaa kimya, kisha mzee mmoja akauliza: "Wanangu, hii ikishaonekana huko mnakoionyesha, nani atakuja nayo hapa?"

Swali hilo lina historia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Milima ilirudi kuwa na majani. Hilo hakuna anayelikana. Lakini waliohamishwa na ng'ombe zao walikuwa watu, na wengine wa rika lao wako kwenye mikutano hii. Kwao, mgeni mwenye karatasi iliyochorwa mipaka si mtu wa kumpigia makofi.

Mama mmoja aliongeza lingine ambalo sisi wa kompyuta hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Ramani yetu ilikuwa na tabaka la ukijani wa mwezi wa Septemba. Alisema tunawaonyesha wenye makundi makubwa kutoka mbali ni wapi majani yamebaki kiangazi. Alikuwa sahihi kabisa. Eneo la malisho ambalo kijiji kimelitunza kwa miezi linaweza kumalizwa kwa siku chache.

Tumebadilisha haya, na mkutano umeyakubali. Ramani ya wazi inaonyesha vitongoji, si mashamba: visiki vinavyofuatiliwa, vilivyo hai, vilivyopotea. Majina yametoka yote. Kuna namba ya shamba, na daftari la namba na majina linakaa ofisi ya kijiji. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, kwa hiyo si suala la adabu peke yake. Tabaka la kiangazi halipo tena mtandaoni.

Kiufundi hapa kuna mtego. Kulizima tabaka kwa kitufe si kulificha. Kwenye tovuti ya aina hii, faili lolote ambalo kivinjari kinaweza kulisoma, mtu yeyote anaweza kulipakua, hata kama halionekani kwenye skrini. Faili la mashamba tumeliondoa kabisa mtandaoni, hata kwenye matoleo ya nyuma yanayohifadhiwa na GitHub. Sasa liko kwenye simu mbili za kamati ya mazingira ya kijiji, ndani ya programu ya QField inayofanya kazi bila mtandao. Picha nazo hubeba tarakimu za GPS ndani yake. Zifutwe kabla ya kupandishwa.

Kazi hii ilitusimamisha zaidi ya mwezi. Ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote.

Februari 2025: setilaiti inaona nini hasa

Wafadhili wadogo wawili waliotutembelea waliuliza kama setilaiti inaweza kuthibitisha kwamba miti inarudi. Tulijaribu. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za ardhi, ni za bure, kila siku 5 kukiwa na setilaiti mbili, na kila pikseli ni mita 10 kwa 10. Kipimo cha ukijani, NDVI, kinatokana na kulinganisha mwanga mwekundu ambao majani huunyonya na mwanga wa infraredi ya karibu ambao huurudisha.

Jaribio la kwanza lilitumia picha za Machi. Kila shamba lilikuwa kijani, kwa sababu lilikuwa na mtama, uwele na alizeti. Setilaiti haitofautishi chipukizi la mgunga na bua la mtama.

La pili, Oktoba. Mazao yametoka, lakini miti mingi ya huku nayo imepukutisha majani. Mbuyu wenye umri wa karne unasomeka kama ardhi tupu.

Dirisha linalofaa ni jembamba: mwishoni mwa Mei hadi mapema Julai, mavuno yameisha na miti bado ina majani. Tukalinganisha Juni 2023 na Juni 2024. Ukijani ulikuwa umepanda kwenye mashamba ya kisiki hai, nasi tulikuwa karibu kuutangaza. Kabla ya hapo tukachora maeneo jirani yenye udongo uleule ambako hakuna aliyepogoa chochote. Nayo yalikuwa yamepanda, karibu kwa kiasi kilekile. Ni mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na msimu uliofuata. Mbingu ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Kuna tatizo la ukubwa pia. Shamba la nusu ekari lina upande wa takriban mita 45. Hizo ni pikseli nne na nusu kwa kila upande, na za ukingoni zimechanganyika na shamba la jirani. Ukiziondoa unabaki na pikseli chache zisizotosha kusema lolote. Na chipukizi la mwaka wa kwanza, hata likiwa na afya, kivuli chake hakijazi pikseli moja.

Uamuzi wetu: hatutoi tamko lolote kutokana na setilaiti kwa miaka ya mwanzo. Tumehifadhi picha ya Juni ya kila mwaka, mashamba yamekusanywa kwa makundi yanayopakana, na kila kundi lina eneo lake la kulinganishia. Baada ya miaka kadhaa, vivuli vikitanuka, huenda tofauti ikaonekana. Kwa sasa anayesema ukweli ni mtu aliyesimama mbele ya kisiki.

Rangi nazo tulizibadilisha. Kipimo cha nyekundu hadi kijani kiliwafanya wenye mashamba mekundu waone wameshindwa, na wengine hawazitofautishi rangi hizo mbili. Sasa ni kahawia hadi bluu-kijani.

Juni 2025: makinga maji na mwinuko

Kamati ilitaka ramani isaidie kuchagua wapi pachimbwe makinga maji ya nusu duara, yale yanayoshika mvua kwenye mtelemko mtupu. Tulichukua data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, pikseli za mita 30, tukatoa mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Shambani haikufaa. Makinga yanataka usawa wa sentimita. Data hii inaweza kukosea mita kadhaa. Mstari wa ramani ulikuwa ukishuka mtelemko badala ya kuukata, na maji yangeufuata na kuchimba korongo jipya.

Tumeitumia kwa kazi moja tu, kuonyesha ni mteremko upi unaomwaga maji kwenye korongo lipi. Hapo ilisaidia kweli: kamati iliona kwamba korongo linalokula mashamba ya kitongoji kimoja linalishwa na mlima ulio kitongoji kingine, na viongozi wa pande mbili wakakaa pamoja. Kupima kwenyewe kulifanywa kwa fremu ya A, yaani miti mitatu iliyounganishwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kuonyesha usawa. Gharama ya fremu ni misumari.

Septemba 2025: marejeo

Tumerudi kwenye visiki vya bati. Hapa ndipo ramani ilipolipa.

Kwenye orodha, visiki vilivyopotea vilionekana vimetawanyika ovyo, na maelezo yaliyokuwa midomoni mwa watu yalikuwa uzembe wa mkulima huyu au yule. Tulipovipaka rangi kwenye QField pamoja na njia za mifugo zilizochorwa na wachungaji wenyewe, vingi vilikaa kando ya njia moja ya kwenda lambo, na picha zilionyesha machipukizi yaliyong'atwa juu. Baada ya mavuno mifugo huingia kula mabua. Ni desturi, na ina faida ya samadi. Njia ile ilikuwa imepanuka kwa sababu ya zamani ilimezwa na korongo. Wakulima hawakuwa wazembe.

Mwenyekiti wa kitongoji aliwaita wakulima na wachungaji, simu ikapita mkono kwa mkono. Wamekubaliana njia irudishwe kwenye upana wake kwa kupita juu ya korongo, mahali palipowekwa makinga, na visiki vya kando vifungwe vitambaa vya rangi kali na kuzungushiwa miiba. Wachungaji waliomba jambo moja: njia yao nayo iandikwe kwenye ramani ya wazi, kwa wino uleule wa barabara. Imeandikwa.

Jumla ya gharama mpaka sasa, nje ya muda wetu: posho shilingi 420,000, mafuta ya pikipiki 330,000, uchapishaji 100,000, bando 110,000 ukijumlisha zile za Agosti, vifaa 125,000. Inafika shilingi 1,085,000. Programu zote ni za bure.

Bado hatujapata namna nzuri ya kurudisha mabadiliko kutoka simu mbili za kamati kwenda faili moja bila moja kufuta la mwenzake. Kwa sasa tunaunganisha kwa mkono, na inachosha. Vilevile bati nyingi zimeng'olewa na watoto, kwa hiyo msimu huu tunajaribu kuchoma namba kwenye vipande vya mbao. Marejeo yanayofuata ni baada ya mavuno ya 2026, na safari hii watakaoshika simu ni wachungaji.